Msiba wa Tausi wa Redioni

Kisa hiki kimenifikia kwa mkono wa mtu, nami nakufikishia wewe. Kisome mpaka mwisho ndipo umpe mwingine.

Katika mtaa mmoja wa Kondoa, enzi zile redio ilipokuwa moja kwa nyumba kumi, aliishi mwalimu wa hesabu aitwaye Sefu Ndwata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu tu: ukimuuliza sokoni ni mbali kiasi gani, alikutajia hatua.

Redio ya mtaa ilikuwa nyumbani kwake. Kila Jumatano alasiri wanawake walikuja na nyungo zao, wakaketi barazani na mkewe, Mwanaidi, wakachambua mchele huku wakisikiliza mchezo wa kuigiza. Katika mchezo huo alikuwamo mwanamke mcheshi aitwaye Tausi, na mumewe, Chande, mwanamume asiye na maneno mengi.

Jumatano moja Tausi akafa.

Wanawake walizima redio. Mmoja akatandika mkeka, mwingine akabandika kahawa. Wakajitanda khanga, wakakaa matanga. Mwanaidi ndiye aliyelia kuliko wote.

Siku hiyo Mwalimu Ndwata alikuwa akirudi nyumbani pamoja na Mwalimu Mkuu. Kutoka barabarani waliona viatu vimejaa mlangoni, wakasikia kilio. Mwalimu Mkuu hakungoja kuelezwa. Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka, akasoma dua ndefu. Wote wakaitikia amina.

"Poleni sana, akina mama," alisema. "Marehemu alikuwa nani wenu?"

Wanawake walitazamana. Kisha Mama Shamte, jirani wa ukuta kwa ukuta, akajibu, "Ni mke wa Chande."

"Chande yupi? Yule fundi cherehani?"

"Wa redioni, Mwalimu Mkuu."

Mwalimu Mkuu alivaa viatu vyake taratibu, akaaga.

Kesho yake, katika ofisi ya walimu, mmoja aliuliza kwa sauti, "Ndwata, arobaini ya marehemu tule pilau, au wali mweupe unatosha?" Walicheka mpaka kengele ikagongwa.

Jioni ile Mwalimu Ndwata aliishusha redio kutoka rafuni.

"Unamlilia mtu ambaye hakuzaliwa," alimwambia mkewe. "Asiyezaliwa hafi. Hilo halihitaji hata ubao."

"Najua hakuzaliwa, Mwalimu. Lakini hujaniuliza namlilia nani."

"Jina lake nimelisikia. Shule nzima imelisikia."

Mwanaidi alikunja khanga yake, akaenda jikoni. Redio ikafungiwa katika kabati la shule. Miaka mitatu ikapita na mkewe hakuiulizia hata siku moja. Mwalimu akauhesabu ukimya huo kuwa ni kukubali.

Mwaka wa nne, Mwanaidi aliumwa kichwa siku ya Ijumaa. Jumapili walimzika.

Mwalimu Ndwata alifanya kila kinachompasa mfiwa. Alipokea mikono ya watu, alishukuru, alisindikiza wageni mpaka barabarani. Chozi halikutoka. Baadhi ya watu walinong'ona kwamba mwalimu ana moyo mgumu. Hawakujua kwamba alitaka kulia na hakuweza. Hata chakula hakikupita kooni. Aliketi upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe, akangoja, na hakikuja kitu. Akaanza kujiuliza kama kweli alimpenda. Kila alipolipigia hesabu swali hilo, alipata jibu moja, nalo lilimtisha.

Baada ya arobaini ndugu walirudi makwao. Lakini kila asubuhi, kabla hajaenda shule, mwanamke mmoja wa mtaani alifika na chupa ya uji wa ulezi. Leo huyu, kesho yule. Hawakubisha hodi mara mbili wala hawakumuuliza kama ana njaa. Walimimina, wakakamulia ndimu, wakangoja anywe. Uji ulikuwa kitu pekee kilichopita kooni.

Mwezi wa tatu, zamu ikiwa ya Mama Shamte, mwalimu alishindwa kuvumilia.

"Mama Shamte, nani aliwaambia habari ya ndimu? Hata dada yangu haijui."

"Mwenyewe alituambia, shemeji."

"Mwanaidi? Lini? Aliugua siku mbili tu."

"Si wakati wa ugonjwa. Ni siku ile ya msiba wa Tausi."

Mwalimu aliinua uso.

"Sisi tulikuwa tunamlilia Tausi," Mama Shamte alisema. "Mwanaidi peke yake alikuwa anamlilia Chande. Alisema, Tausi amepumzika, lakini huyu mwanamume atakaa kwenye kiti chake na njaa yake, wala hatamwambia mtu. Watu watadhani hana uchungu. Halafu akasema, wangu naye ndivyo alivyo. Nikitangulia, msingoje aombe. Mpelekeeni uji asubuhi, mumkamulie ndimu, na sukari iwe kidogo."

"Nanyi mkasemaje?"

"Tukamwambia aache uchuro. Akacheka. Kisha akalia tena, ndipo mkaingia wewe na Mwalimu Mkuu."

Mwalimu Ndwata alikishika kikombe kwa mikono miwili. Uji ukapoa.

"Huyo Chande," aliuliza mwishowe, "alifanyaje baadaye? Aliweza?"

"Tutajuaje, shemeji? Redio uliichukua wewe."

Alikiweka kikombe chini. Ndipo alipolia. Alimlilia Chande, mtu ambaye hakuzaliwa, aliyeachwa kwenye kiti chake miaka minne bila yeyote kumjulia hali. Na alipokwisha kumlilia Chande, machozi yalikuwa yamekwisha kuipata njia, akamlilia Mwanaidi.

Mama Shamte hakumwambia anyamaze. Alitandika mkeka, akajitanda khanga yake, akaketi.

Mpita njia mmoja alisikia kilio, akasimama nje. "Jamani, kuna msiba gani tena?"

"Wa Tausi," Mama Shamte alijibu.

"Poleni sana," mtu yule alisema, akavua viatu, akaingia.

Funzo: Ukimwona mwenzako analia kwa sababu ya hadithi, usimwambie kwamba si kweli, hilo analijua. Muulize anamlilia nani, akiwa angali hai kukujibu, kwa maana huenda akataja jina lako.