Nani Abaki na Shati la Nyuki Jazz?

Sogeeni, wenye masikio mazima na mlioharibiwa na spika za harusini. Nina kesi hapa, na kesi yenyewe inanuka. Nitaieleza, kisha hukumu mtatoa ninyi, maana aliyepaswa kuitoa imemshinda.

Palikuwa na bendi Tanga ikiitwa Nyuki Jazz. Sare yao ilikuwa shati la mistari ya njano na nyeusi, na ndani ya mashati hayo mlikuwa na watu watatu wenye vipaji ambavyo Mungu hagawi ovyo.

Wa kwanza Perpetua Semkiwa, Mbondei wa Muheza, aliyelelewa kwenye kinanda cha kanisa la misheni. Nota alizisoma kama watu wasomavyo gazeti. Mkono wa kulia ulisema lake, wa kushoto lake, na miguu ilikuwa na neno la tatu. Alipiga muziki wa watunzi wa Ulaya waliokufa zamani, na alipiga kilichoandikwa, hapunguzi wala haongezi.

Wa pili Sadala Mbega, mpiga tarumbeta. Huyu nota hakuzijua, na ukimwonyesha alicheka. Jazi alijifunza kwa kusimama chini ya madirisha ya watu wenye santuri. Hakupata kupiga wimbo mmoja mara mbili kwa namna moja. Ukimwomba arudie, atakupa mwingine.

Wa tatu Hemedi Kibwana, wa gitaa la umeme. Spika zake aliziunda mwenyewe, na zilipolia vikombe viligongana kabatini mtaa wa pili. Kipaji chake kilikuwa kuwatoa watu vitini. Akigusa uzi mmoja tu, hata aliyekuja kudai mahari alitikisa bega.

Watatu hawa walikuwa na sheria moja, wakiishika kuliko sala: anayepotea katikati ya wimbo asisimame, na wenzake wamfuate huko huko aliko, warudi naye nyumbani. Kucheka hakuruhusiwi, wala kumwacha.

Sasa sikilizeni wimbo ulivyozaliwa. Ilikuwa alasiri ya Idi Pili, katika ukumbi wa Bi Mwanakombo, Chumbageni. Walikuwa wanapiga kipande kirefu walichokiita "Masika", na mpaka hapo kilikuwa kinawachosha watu, tuseme kweli. Unyevu wa Tanga ulikuwa umegandisha karatasi za Perpetua. Akafunua kurasa mbili kwa mpigo, akaangukia mahali ambapo hesabu ilikuwa imepungukiwa, na mapigo manane yakawa saba. Mwingine angerudi nyuma. Mtoto wa misheni alipiga kilichokuwa mbele ya macho yake, jasho likimtoka, akijua amepotea, akaendelea.

Sadala alisikia lile shimo, pigo lililokosekana. Hakusimama. Aliingiza tarumbeta ndani ya shimo, akalijaza kwa sauti ndogo ya kulalamika, kila likija akalijaza kwa namna nyingine, mpaka lile kosa likaanza kufanana na kitu kilichokusudiwa. Watu wakaacha kutafuna sambusa zao, lakini wakabaki wamekaa.

Hemedi aliwasikia wawili hao wanavyobishana kwa heshima, kanisa huku, jazi huku. Akafungua spika zake zote, akatafuta nyuzi mbili zilizoweza kuwabeba wote wawili, akazipiga hivyo hivyo kwa saba, hakuchoka. Bi Mwanakombo mwenyewe, mwenye ukumbi, aliinuka wa kwanza. Alicheza kwa saba bila kufundishwa na mtu, na ukumbi mzima ukamfuata.

Basi bendi ikapata jina. "Masika" ilichukua karibu nusu saa na watu walilia ilipokwisha. Walokole walikuja kwa ajili ya kinanda, walevi kwa ajili ya tarumbeta, vijana kwa ajili ya spika, na wote wakaondoka wakiusifu wimbo mmoja.

Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake. Gazeti liliandika kuwa Nyuki Jazz ni bendi ya Sadala, Perpetua akanuna. Redio ikasema ni ya Perpetua. Hemedi akazima spika katikati ya onyesho. Siku moja mazoezini Sadala alimtemea Hemedi mate kiatuni, Hemedi akamchapa kwa waya wa gitaa, na Perpetua akatoa tusi ambalo misheni hawalifundishi. Wakatawanyika, kila mmoja na shati lake, kila mmoja akidai jina. Tanga ikawa na Nyuki Jazz tatu.

Na walichoufanyia ule wimbo, jamani, kinatia kinyaa. Hemedi aliukata mkia na kichwa, akaupiga juu ya lori la kutangazia sabuni. Sadala aliupeleka hotelini, akaupiga polepole kwa watalii waliokuwa wanamenya kamba sahanini, na mzungu akikohoa yeye anashusha sauti. Perpetua aliupeleka kanisani ukawa wimbo wa sadaka, na ili kwaya isisumbuke, akalirudisha lile pigo lililokosekana. Yakawa manane kamili. Wimbo ulikuwa umekufa na umeshaoshwa.

Perpetua hakuliona la kwake. Aliyaona ya wenzake tu. Lori la sabuni lilipopita mbele ya nyumba yake, aliacha sufuria jikoni akaenda kutapika uani. "Washenzi," alisema, akifuta mdomo. "Wameuza mtoto wangu kwa povu."

Mwaka huu Bi Mwanakombo alimaliza kuukarabati ukumbi wake. Mzee sasa, anatembea kwa mkongojo. Akatuma watu waite Nyuki Jazz waje kuufungua. Zikaja zote tatu, zikakutana mlangoni kwa mashati yale yale ya mistari, matumbo yamezidi vifungo, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Niliita bendi, nimeletewa mzigo," alisema Bi Mwanakombo. "Haya, pandeni jukwaani. Pigeni pamoja kama zamani, yaishe."

"Bora wimbo ufe, bibi," alisema Hemedi.

"Na uzikwe," Sadala akadakia.

Perpetua alitikisa kichwa tu, na kichwa kile kilisema lile lile.

Bi Mwanakombo aligonga mkongojo sakafuni. "Basi mmoja ataondoka na jina, na wimbo utakwenda na jina. Wawili watavua mashati hapa hapa, na wasiuguse tena mpaka wawekwe kaburini. Mnakubali?"

Walikubali haraka, hata hawakutazamana. Bi Mwanakombo alikunja uso, akawaambia kila mmoja aseme kwa nini jina ni lake.

"Bila kosa langu huo wimbo msingeuona," alianza Perpetua. "Aliyezaa ndiye mama, hata kama hakukusudia."

"Kosa ni kosa, dada Pepe," alisema Sadala. "Ningekuacha siku ile ungelia mbele za watu ukarudi Muheza. Mie ndiye niliyeligeuza kuwa muziki."

"Ninyi wawili mlikuwa mnapiga na watu wamekaa kama wako msibani," alisema Hemedi. "Muziki asioucheza mtu ni wa nini? Mwulizeni bibi hapa, nani alimtoa kitini?"

"Maneno nimeyasikia," alisema Bi Mwanakombo. "Sasa pigeni, mmoja mmoja."

Hemedi alipiga, vioo vikatetemeka, na hakuna aliyeinuka. Perpetua alipiga, mapigo manane, hakuna doa, na bibi mmoja alipiga miayo. Ndipo akapanda Sadala.

Alianza vizuri. Lakini midomo imezeeka, na bila kinanda chini yake hakuwa na shimo la kujaza. Katikati ya wimbo sauti ikamkatika, akapotea. Hakusimama, maana sheria ni sheria. Akawa anazunguka palepale, anapiga sauti tatu, ananyamaza, anazipiga tena, na ukumbi mzima ukajua anafanya nini. Alikuwa anaita.

Perpetua alijua hasa alipo. Kinanda kilikuwa mbele yake, bado kina moto. Sauti mbili za mkono wa kushoto, kwa saba, zingemrudisha nyumbani. Vidole vikaanza vyenyewe kutembea juu ya paja. Akavitazama. Kisha akanyanyuka kidogo, akaviweka chini ya makalio, akavikalia. Hemedi naye alikuwa ameshika gitaa, anaangalia dari.

Sadala aliita mpaka pumzi ikamwishia. Akashusha tarumbeta, akafuta midomo kwa mkono wa shati.

Hapo ndipo harufu ya jasho la shati lake mwenyewe ilipompanda Perpetua puani, akafuta mdomo kama siku ile ya lori. Alitafuta mtu wa kumlaumu, akakuta safari hii hayupo mwingine. Alijichukia. Na hata hivyo, kwa sauti kavu, alisema: "Bi Mwanakombo, toa hukumu."

Bi Mwanakombo alijikokota mpaka dirishani, akatema mate nje. "Mie niliucheza wimbo huu nikiwa na miguu," alisema. "Hukumu sina. Waulizeni hao waliokaa."

Waliokaa wakagawanyika mafungu matatu na kelele zikaanza, na mpaka sasa hazijaisha. Watatu wale wamesimama jukwaani, mikono kwenye vifungo, wanangoja.

Basi ni ninyi. Msiniambie wagawane, maana walikwisha kugawana, na mmeona matokeo. Msiniambie wapatane, maana wimbo uliwaita mbele ya macho yetu wakakataa. Yuko aliyekosea, yuko aliyemfuata, yuko aliyewaleta wote nyumbani. Ukimtoa yeyote, Idi Pili ile watu wangebaki na sambusa zao. Mmoja abaki na shati, wawili wavue. Wewe uliyenyamaza hapo nyuma, unamvua nani? Na Perpetua, kwa kosa lile lililouzaa wimbo na kwa vidole vile alivyovikalia, ungemwachia shati?