Nyani Mwonja Zawadi za Wazee

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kapu.

Kapu la nani?

La wazee.

Limejaa?

Lilijaa.

Mbona mnasema lilijaa? Haya, kaeni chini, na kila mtu aweke mikono yake mahali nitakapoiona.

Hapo kale, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na desturi moja nzuri. Kila mwaka mvua zikikatika, walifanya sikukuu ya wazee. Wenye nguvu walitoa zawadi, zikakusanywa, wakapewa waliokwisha nguvu: wasio na meno, wasioona vizuri, wanaotembea hatua tatu wakapumzika. Na mzee akipokea zawadi akafurahi, humtemea mpaji mate ya baraka kifuani, ptu. Mate hayo yalikuwa na thamani kuliko shamba.

Mwenyekiti wa zawadi alikuwa Nyani. Nani alimchagua? Hakuna anayekumbuka. Nyani ana meno marefu, na mwenye meno marefu akisema "mimi ni mwenyekiti," watu husema "hongera."

Mkusanyaji alikuwa Sange, yule panya mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza. Sange hakuwa na nguvu, lakini alikuwa na Bibi Kobe. Zamani pori lilipowaka moto, Bibi Kobe alimficha chini ya gamba lake mpaka moto ukapita, naye mwenyewe akaungua mgongo. Sasa Bibi Kobe alikuwa anakohoa, koho koho, mchana kutwa. Hakutaka mkeka wala boga. Alitaka asali tu ya kulainisha kifua. Mwaka wa jana aliletewa kibuyu kitupu, akaambiwa anuse.

"Mwaka huu utapata asali, Bibi," alisema Sange.

"Hata mwaka jana niliambiwa hivyo," alisema Bibi Kobe, akakohoa.

Jambo hilo lilimuuma Sange. Akachukua kapu, akaenda kwa Ngiri.

"Hodi."

"Nani?"

"Sange. Nataka zawadi ya wazee."

"Ya wazee, au ya Nyani?"

"Ya wazee."

Ngiri akamtazama juu, akamtazama chini, akatoa mihogo kumi. Sange akaipeleka kwa Nyani.

"Lete nionje," alisema Nyani. "Dunia imeharibika. Je, kama ina sumu? Wazee wetu wafe, tuseme nini?"

Akaonja mhogo, gugu gugu. "Huu hauna sumu. Lakini huu wa pili siujui." Akaonja wa pili, gugu gugu. "Na huu wa tatu unaniangalia vibaya." Akaonja saba. Mitatu iliyobaki akaitia pangoni kwake, akisema iko chini ya uchunguzi.

Siku ya pili Sange akaenda kwa Tembo.

"Hodi."

"Nani?"

"Sange. Nataka zawadi ya wazee."

"Ya wazee, au ya Nyani?"

"Ya wazee."

Tembo akaguna, akatoa mkungu wa ndizi. Sange akaupeleka kwa Nyani.

"Lete nionje," alisema Nyani. "Kikulacho ki nguoni mwako." Akaonja ndizi moja, nyam. Akaonja ya pili, nyam. Akaonja mpaka mashavu yakatuna, maneno yakawa hayapiti. Zilizobaki akazitia pangoni, chini ya uchunguzi. Sange akachungulia kidogo mle ndani. Akaona maboga ya mwaka jana. Akaona mikeka ya mwaka juzi. Uchunguzi wa Nyani ulikuwa haujapata kwisha hata mara moja.

Siku ya tatu Sange akaenda kwa Nyuki. Huko akapewa kibuyu cha asali, kimezibwa kwa jani la mgomba. Akarudi nacho polepole. Njiani alisimama mara mbili kukaza kizibo. Na njia nzima alikuwa akiwaza: asali hii Nyani akiionja, Bibi Kobe atanusa tena kibuyu.

Nyani alikuwa anamngoja mlangoni, mkono umeshanyooshwa.

"Lete nionje."

Sange hakumpa. Alimsogelea Nyani, akamnusa, nusa nusa nusa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Unanusa nini?" aliuliza Nyani.

"Hakuna kitu, Mwenyekiti."

"Hakuna kitu, mbona umerudi nyuma?"

"Pua yangu ni ya panya tu, huenda imekosea." Akamnusa tena, nusa nusa nusa. Akarudi nyuma hatua mbili. "Mwenyekiti, tumbo lako halingurumi?"

Tumbo la mtu aliyekula mihogo saba na ndizi za Tembo litaachaje kunguruma? Likanguruma lenyewe, gruuu.

"Linanguruma," alisema Nyani.

"Na jasho je, hulioni?"

Jua lilikuwa la utosi. Nyani akajipangusa. Mkono ukalowa.

"Sema, wewe. Kuna nini?"

Sange akainamisha kichwa. "Ni kosa langu, Mwenyekiti. Jana nilipita kwenye kichuguu kimoja, nikapiga hodi. Ikatoka sauti tu, ssss, na ndizi moja ikasukumwa nje. Aliyetoa sikumwona uso. Nikaichanganya na za Tembo."

Nyani akajishika tumbo. Halafu akakunja uso. "Unanidanganya. Unataka nisionje asali."

"Huenda nadanganya," alisema Sange. "Basi tukae hapa tungoje. Sumu ya Nyoka haina haraka."

Wakakaa. Sange akamtazama Nyani. Nyani akajitazama. Mguu wake ulikuwa umekufa ganzi kwa kuukalia, lakini yeye hakulijua hilo.

"Mguu wangu siusikii," alisema Nyani kwa sauti ndogo. "Dawa yake ni nini?"

"Ipo, ila wewe huiwezi."

"Naiweza."

"Ni mate ya baraka. Mzee apokee zawadi kutoka mkononi mwako mwenyewe, akutemee kifuani. Wazee wote, asibaki hata mmoja. Na unajua mwenyewe, mzee hamtemei mtu aliyekuja mikono mitupu."

Nyani hakungoja amalizie. Aliingia pangoni. Akatoa mihogo, akatoa ndizi, akatoa maboga ya mwaka jana na mikeka ya mwaka juzi. Akajitwika, akachukua na kibuyu cha asali, akakimbia, puu puu puu, akichechemea, mpaka uwanja wa sikukuu.

Wazee walikuwa wamekaa, wanangoja maganda yao ya kila mwaka. Wa kwanza alikuwa Mzee Simba, aliyekwisha meno yote.

"Mzee, pokea boga," alisema Nyani.

Mzee Simba akalitazama boga, akamtazama Nyani. "Umelionja?"

"Sijalionja."

"Mbona hujalionja? Lina nini?"

"Halina kitu, Mzee. Pokea tu, nakuomba."

"Nyani anaomba nipokee," alisema Mzee Simba. "Basi hapa pana jambo. Sipokei mpaka uniongezee na mkeka."

Akaongezewa mkeka. Akatema, ptu. Na wote waliofuata wakaona shaka vilevile, wakaongezewa vilevile, wakatema, ptu, ptu, ptu. Kifua cha Nyani kikawa kinachuruzika.

Wa mwisho alikuwa Bibi Kobe.

"Bibi, shikamoo. Asali yako."

"Marahaba." Bibi Kobe akakipokea kibuyu, akakikumbatia. Hakutema.

"Bibi, tema."

"Mate sina, mwanangu. Mwaka jana nilinusa kibuyu kitupu, kikanikausha koo. Asali yake iko wapi?"

Nyani akakimbia tena mpaka pangoni, puu puu puu, akachimba chini ya mahali anapolala, akarudi na kibuyu kingine, chenye asali ya mwaka jana. Kilikuwa nusu. Bibi Kobe akakitikisa, akakiweka kando. Kisha akavuta mate yake yote ya mwaka mzima, akamtemea Nyani. Si kifuani. Jichoni.

"Nimepona!" alilia Nyani. "Sange, umeniokoa." Na tangu siku hiyo, Nyani akiokota kitu hukigeuza huku, hukigeuza kule, hutazama nyuma, ndipo akitie kinywani.

Wanyama walipotawanyika, Bibi Kobe akamwita Sange.

"Niambie kweli. Ile ndizi ilikuwa na sumu?"

"Bibi, dunia imeharibika. Nani ajue?"

"Sogea karibu." Bibi Kobe akamnusa mdomo. "Hii harufu ni ya nini?"

Sange akaangalia chini. "Nilionja, Bibi. Kidogo tu. Kuhakikisha."

Bibi Kobe akakohoa, akacheka, akamtemea mate ya baraka kifuani, ptu, kwa sababu alimpenda. Kisha akaviweka vibuyu vyote viwili chini ya gamba lake, akavikalia.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Nyani aionje.

Na fundisho lake ni hili: zawadi ya mzee ni lazima ionjwe kwanza na mtu mwaminifu mwenye tumbo la kutosha. Ndiyo maana lile bakuli la tende mlilomletea bibi yenu aliyekaa pale nyuma, mimi nimeshalionja. Halina sumu. Sasa mbona mnaninusa?