Bibi Harusi wa Ndago Alikuwa na Ndevu

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, mji wa Kitoka ulitawaliwa na Sultani Fumo Bakame, mtu mwoga kupindukia. Alimwogopa mfalme wa Mbwera, kaskazini. Alimwogopa mfalme wa Ndago, kusini. Akataka amani na wote wawili, na wote wawili akawaahidi binti yake wa pekee, Mwana Hidaya. Mnamwona mtu huyu?

Basi machela za kumchukua bibi harusi zikafika siku moja, ya Mbwera lango hili, ya Ndago lango lile, na askari nyuma ya kila moja.

Mwana Hidaya akasema, "Baba, siendi kokote. Kila mwezi naambiwa nifunge mizigo, sijui kesho nitalala kwa nani. Nimechoka. Ahadi ni zako, nenda wewe."

Sultani akalia, kisha akili ikamjia. Kwa desturi yao bibi harusi hufunikwa shuka gubigubi, hasemi neno, wala hafunuliwi mpaka mume atoe kipa mkono, zawadi ya kumwona uso. Akamfunika kungwi wa bintiye, Bi Kombo, mjane mwenye meno ya kuhesabika, akampeleka Mbwera. Kisha Sultani mwenyewe akajipaka hina, akajifunika, akaenda Ndago.

Mfalme wa Mbwera akatoa kipa mkono, akafunua. Bi Kombo akamwambia, "Unatazama nini? Kaa vizuri, ule." Maskini, hakuwa ameambiwa hivyo tangu mamake afariki. Akampenda palepale, na amani ikapatikana.

Mfalme wa Ndago alikuwa mkono wa birika. Hakutoa kitu. Fungate nzima alikaa karibu na ile shuka akiisimulia siri zake zote za vita, nayo ikiitikia kwa kichwa. Mwisho akafunua bure, akakuta ndevu. Aliona haya mno hata akaomba amani mwenyewe, habari zisifike sokoni.

Huku nyuma Mwana Hidaya alikalia kiti cha baba yake. Akafungua ghala, akazibua kisima, akaamua kesi ya mbuzi iliyomshinda Sultani miaka yote.

Sultani aliporudi, na Bi Kombo alipokuja kutembea, machela nyingine ikasimama langoni, kutoka Mashundwi, mji mkubwa kuliko yote, nayo yaja kumchukua Mwana Hidaya. Wazee wakasema aliyeuokoa mji ndiye aamue binti alale wapi.

Bi Kombo akasema, "Mimi nimeolewa kikweli, na magoti haya. Nimeuokoa mji. Aje kwangu Mbwera, nimtunze."

Sultani akasema, "Mimi nimekaa fungate nzima bila kujikuna kidevu. Nimeuokoa mji. Aende Mashundwi, maana mimi siolewi tena."

Mwana Hidaya akasema, "Nyinyi mliwazuia watu wa nje. Wa humu ndani nani aliwalisha? Nakaa hapa."

Wachukuzi wa Mashundwi wanapiga miayo langoni, na Mwana Hidaya ameshika mikono ya kiti, haachii. Haya, msiseme wote kwa pamoja. Wewe unayecheka huko nyuma, anza wewe: kati ya hao watatu, nani anastahili kuamua Mwana Hidaya alale wapi leo?