Pambizo Mbili za Bibi Raita

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemen aliishi mcha Mungu aliyeitwa Nuuman bin Ziyad. Hakupenda dhahabu wala farasi. Maradhi yake yalikuwa vitabu vikongwe vilivyoandikwa kwa mkono, hasa vile ambavyo wanazuoni waliovisoma waliacha maelezo yao pambizoni. Akisikia kipo kimoja mahali, hata chakula hakikupita kooni mpaka akipate.

Alichokienzi kuliko vyote kilikuwa kitabu cha fiqhi, yaani sheria za dini, chenye maelezo ya Bibi Raita bint Jabir, mwanachuoni wa mji wa jirani, mwenye hati nzuri ajabu. Kwenye mlango wa kitabu unaoeleza hukumu za maji Bibi alikuwa ameandika: "Mwenye kisima ana haki ya kukifunga wakati wa ukame." Mwaka ule mvua ilikatika. Nuuman alikuwa na kisima, na kwa kauli ile akafunga lango lake. Jirani yake Utba, mkulima wa vitunguu, alipokuja na kiriba alirudishwa kwa adabu, tena kwa ushahidi wa kitabu.

Basi muuza vitabu akamletea nakala nyingine ya kitabu kilekile. Nuuman akaufungua mlango uleule kwa pupa. Hati ni ya Bibi Raita, haina shaka. Lakini pambizoni pameandikwa: "Asikifunge. Maji yaliyozidi haja yake ni ya mwenye kiu."

Masikini Nuuman, akachanganyikiwa! Aliijua ada ya wanazuoni: mtu akibadili rai hafuti ya kwanza, huandika nyingine, na inayofuatwa ni ya mwisho. Sasa ya mwisho ni ipi? Tarehe haikuandikwa. Akaviweka vitabu sambamba juani, akalinganisha wino, akanusa karatasi, akachungua mikato ya kalamu. Asubuhi aliona cha kwanza ndicho kikongwe. Adhuhuri akaapa ni cha pili. Akamwuliza kadhi, kadhi akasema mambo ya wino yanamshinda. Kilichomtesa zaidi ni kwamba moyo wake ulitamani ile ruhusa ya kufunga ndiyo iwe ya mwisho, hata hakujua tena kama anatafuta haki au anatafuta udhuru. Akasali, akaomba kuongozwa, akainuka kwenye mswala akiwa vilevile. Na lango likabaki limefungwa, kwa kuwa aliona si vyema kutenda bila yakini.

Utba akaja tena. "Jirani, mwanangu ana homa. Nipe hata kibuyu kimoja."

"Nivumilie, ndugu yangu. Bado nahakikisha mas'ala."

Utba akageuka, akaenda zake mikono mitupu.

Nuuman akapata habari kwamba Bibi Raita yu hai bado. Akapanda punda, vitabu kifuani, akamkuta ajuza ameketi ukumbini kwake, macho yamefifia. Akamwekea vitabu mapajani na kumweleza yote, hata la Utba, maana uongo hakuujua.

Bibi akazipapasa kurasa, akamwamuru amsomee maneno yale mawili. "Yote ni yangu, mwanangu," akasema. "Lipi lilitangulia, sikumbuki."

Nuuman akauliza, "Basi nitajuaje, Mama?"

"Kisima chako kina maji?"

"Kimejaa, alhamdulillahi."

"Na muda wote huo ulipokuwa ukinusa karatasi, mtoto wa Utba alikuwa anakunywa nini?"

Aibu ilimwingia Nuuman mpaka mifupani. Akainuka, vitabu akaviacha palepale mapajani mwa Bibi, akamhimiza punda mpaka nyumbani. Akafungua lango, akateka maji kwa mkono wake na kuyabeba hadi kwa jirani. Mtoto alikuwa hai, midomo imempasuka kwa kiu.

Utba akaipokea ndoo. "Umeshahakikisha mas'ala, Sheikh?"

"Bado," akajibu Nuuman, machozi yakimtoka. "Mpe anywe kwanza."

Ndugu zangu, mpaka Nuuman anafariki hakuwahi kujua ipi kati ya pambizo zile ilitangulia. Lango lake nalo halikufungwa tena. Tumwombe Mola atuzidishie elimu, na atukinge na ile inayotuchelewesha kumnywesha mwenye kiu.