Sumaku ya Sultani Makame

Hapo zamani, mafuta ya ufuta yalipokuwa yakikamuliwa kwa kinu cha ngamia, palikuwa na Sultani aitwaye Makame, ambaye kila akimtazama ngamia wake akizunguka kinuni hakuona mafuta, aliona nyasi zinazoliwa. Basi akaja mgeni na vipande viwili vya sumaku, akasema, "Seyyid, hivi vina nguvu isiyokwisha, na havili." Sultani akavinunua, na ngamia akachinjwa jioni ile, akapikwa pilau, mji mzima ukala. Mgeni naye akala, akaaga.

Ikawa Faki, mtu wa nyumba ya Sultani na mtunza kinu, akavipanga juu, akavipanga chini, akavigeuza, navyo vikanasana tu, kinu hakikusogea. Sultani akaghadhibika. "Sumaku haina kosa, mvivu ni wewe. Ikifika Ijumaa kinu hakijazunguka, nitakufunga hatamu uzunguke wewe badala ya ngamia, maisha yako yote."

Mize, mkewe Faki, alizisikia habari hizo akiwa ananyonyesha, maziwa yakamkatika. Mtoto wa kwanza, hata jino hajaota, na yeye hana mama wala shangazi mjini, na mume ndiye huyo anageuzwa ngamia, sasa mtoto akikua amwendee babake na nini, na nyasi? Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa Sultani mbio, maana alijua akisimama kufikiri tu, atarudi nyumbani.

"Nashika miguu yako, Seyyid. Kinu ki tayari, lakini kinaona haya. Kitaanzaje kutumikiwa na sumaku, nawe mwenyewe bado unabebwa na watu wanaokula wali? Kiti chako kina miguu ya chuma. Funga sumaku kwenye ufito, uushike mbele yako; sumaku itavuta kiti, kiti kitakuchukua. Siku utakapofika kinuni hivyo, nacho kitazunguka."

Sultani akafurahi mno. Waziri Hatimu akainama, akasema, "Seyyid, tungejaribu kwanza kwa kiti kitupu..."

"Wewe nawe unakula wali wangu," Sultani akamkata.

Basi Ijumaa wachukuzi wakamweka uani juu ya kiti chake, kisha akawaamuru waende shambani, asiwaone tena. Na desturi ya mji ule, mguu wa Sultani haukanyagi ardhi ya nje, wala hashikwi ila na mtu wa nyumba yake. Faki alikwisha kufungwa hatamu kinuni, anangoja.

Sultani akaushika ufito. Sumaku ikatazama kiti, kiti kikatazama sumaku. Jua likapanda.

"Kimesogea?"

"Ni kama kimesogea, Seyyid," akajibu Waziri.

Jasho likamwingia Sultani machoni. "Mize, mbona hakiendi?"

Mize akamsogeza mtoto mgongoni, akajibu. "Wewe umeshika ufito, ufito umeshika sumaku, sumaku imeshika kiti, na kiti kimekushika wewe. Nyote mmeshikana, Seyyid. Sijui aliyebaki wa kwenda ni nani."

Watu waliokuja kutazama wakaziba midomo kwa kanga na kwa vilemba.

"Waziri, nibebe."

"Kiuno, Seyyid. Hata kitabu sibebi."

"Basi nani atanitoa juani?"

"Mimi nina mtoto mgongoni," akasema Mize. "Mtu wa nyumba yako mwenye mgongo mtupu yuko kinuni, umemfunga."

Sultani akautupa ufito. "Mfungueni. Na hatamu ile asivishwe mtu tena."

Faki akaja, akainama, akambeba. Walipofika katikati ya ua, Sultani akamwuliza sikioni, "Nguvu hii nayo yatoka wapi?"

"Kwenye muhogo wa asubuhi, Seyyid. Nao unakwisha, tusiongee sana."

Sultani akacheka hata nusura waanguke wote wawili. Wachukuzi wakaitwa warudi, akanunuliwa ngamia jike, na maziwa yake akaandikiwa Mize mpaka mtoto atakapoota meno yote. Kinu kikalia tena. Na kila Sultani alipopita akamwona ngamia anatafuna, alimgeukia Waziri akamwambia, "Mwongezee nyasi."