Doa la Mwisho la Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na masikio!

Yako wazi?

Yako wazi!

Basi kaeni vizuri, na anayetaka kucheka acheke mapema, kwa sababu mwisho wa ngano hii mimi huwa sicheki.

Hapo kale alikuwepo Sange. Mnamjua Sange: mdogo kama panya, pua ndefu, kila mara anainusanusa hewa. Sange huyu alikuwa mchoraji. Alikuwa na udongo mwekundu, alikuwa na chokaa, alikuwa na masizi, na mkia wake ndio uliokuwa brashi.

Walimu wake walikuwa wawili. Wa kwanza ni Nondo, yule ndugu yake kipepeo anayelala mchana kwenye magome ya miti. Sange akamtazama, akachora, akafuta. Akamtazama, akachora, akafuta. Mwisho akagundua kwamba bawa la Nondo halina mstari pembeni. Linapotelea kwenye gome polepole, hujui wapi bawa wapi mti. Wa pili ni Bi Kanga, mama wa vifaranga sita. Sange akamtazama, akachora, akafuta. Mwisho akagundua kwamba madoa ya Kanga ni madogo shingoni na makubwa ubavuni, na hakuna mawili yanayogusana.

Wachoraji wa pori lile walikuwa na desturi yao: ukimchora aliye hai, doa moja liache wazi. Nondo ndiye aliyemwambia sababu.

"Mimi nikilala kwenye gome, hata mke wangu hupita asinione. Kufanana sana kuna gharama, mwanangu. Acha doa moja, walio wake wamtofautishe na picha."

"Nimesikia, Mjomba," akasema Sange. Na alisikia kweli.

Sasa, pori lile lilikuwa na Ngawa. Ngawa ana nguvu, Ngawa ana meno, na Ngawa hashibi. Alikula mayai, akataka zaidi. Alikula vifaranga vya kwale, akataka zaidi. Siku moja akambana Sange njiani, akamwambia kwamba yeye anayeshinda akitazama ndege lazima anajua Bi Kanga analala wapi. Amwonyeshe, ama aliwe yeye na pua yake.

Sange akaomba siku tatu, akisema Kanga bado hajanona. Ngawa akakubali, maana mlafi ukimtajia kunona hasikii lingine.

Siku ya kwanza Sange akaenda kwa Kanga kumwambia habari ya Ngawa na kuomba ruhusa ya kuiga rangi zake. Kanga akampa, akasimama tuli mchana kutwa, vifaranga miguuni. Siku ya pili Sange akachora kwenye jabali kando ya njia. Akachora shingo, akachora mgongo, akachora bawa lililoinuliwa kidogo, la mama anayefunika wanawe. Siku ya tatu likabaki doa moja.

Sange akalitazama. Akajiambia kwamba Ngawa ana macho, akiona pengo atajua. Lakini mimi nitawaambia ukweli, kwa kuwa mwenyewe aliukiri baadaye: hakuliogopa lile pengo. Aliona kazi yake ni nzuri mno, akashindwa kuiacha. Akachovya mkia kwenye chokaa. To!

Ngawa akaja, nyata, nyata, nyata. Akauliza yuko wapi.

"Yule pale, Bwana Mkubwa, amelala. Ruka kwa nguvu, asije akaamka."

Ngawa akaruka kwa nguvu zake zote. Pu! Meno manne ya mbele yakabaki majanini. Akakimbia akilia, na tangu siku hiyo hula matunda yaliyoiva na kuanguka yenyewe. Pori zima likacheka. Bi Kanga akawaacha vifaranga karibu na jabali, akaenda kwa majirani kushangilia. Sange akacheka mpaka akaketi chini.

Kisha mvua ikaja, chwaaa! Vifaranga wakamkimbilia mama yao, yule wa karibu, yule wa jabalini. Wakajibanza chini ya bawa. Kanga akawaita kutoka mbali, ke-keke, ke-keke, mvua ikaimeza sauti. Nao walikuwa wamefundishwa vizuri: mama akitulia, nanyi tulieni. Wakatulia.

Mvua ilipokatika, chokaa ilikuwa imetiririka yote. Doa la mwisho ndilo lililotangulia kuyeyuka, maana lilikuwa bado bichi. Vifaranga wanne walikuwa wakitetemeka. Wawili hawakutetemeka.

Sange akaomba radhi. Kanga hakumtukana.

"Ulinichora vizuri sana, Sange," akasema. "Wanangu walidhani ni mimi."

Akawachukua wale wanne, akahama. Hakusimama tena mbele ya mchoraji. Sange bado anachora, lakini kila anachochora siku hizi huacha madoa mawili wazi, na ukimuuliza kwa nini mawili, huchovya mkia akaendelea na kazi.

Ngano yangu imefika mlangoni. Naifungulia, aipendaye aifuate. Na mafunzo yake, kama bibi yangu alivyonipa, ni haya: ujanja hauna hasara, na kazi nzuri haiachwi bila kumaliziwa. Mkitaka mafunzo mengine, mtafuteni Bi Kanga.