Elimu Ilivyopandishwa Darini

Hapo zamani, enzi ambazo kila jambo lilikuwa na waziri wake na hakuna jambo lililofanyika, palikuwa na mji ukiitwa Mbalakani, na mtawala wake akiitwa Sultani Sabiti. Mjini humo palikuwa na shule moja tu, na mwalimu wake alikuwa Mwinyimvua, fukara wa kutupwa na mtu wa mizaha. Watu walimhesabu kuwa punguani, kwa sababu walimu wenye akili zao walikwisha kuikimbia kazi ile kwa kukosa posho, naye akabaki. Ukweli ni kwamba aliwapenda wale watoto, na kila alipotaka kuwaaga aliona haya.

Shule yenyewe ilikuwa na mlango mzuri wa mninga wenye kufuli, lakini haikuwa na paa. Upepo wa masika ulilichukua, na tangu siku hiyo mvua ikinyesha watoto hujibanza ukutani wakitetemeka na mbao zao za kuandikia vichwani. Basi Mwinyimvua akapeleka ombi la makuti. Waziri wa Elimu, Bwana Dahlani, alikuwa mtu wa taratibu, kwa hiyo ombi likaanzia kwa msimamizi, likaenda kwa karani, na karani akalirudisha akitaka kujua mvua hiyo hunyesha kutoka upande gani. Mwinyimvua akajibu kwamba hunyesha kutoka juu. Ombi likaenda tena, likarudi tena: halikubaliki, karatasi ina madoa ya maji. Akaandika jingine siku ya jua kali, hilo likaenda moja kwa moja lisirudi, na kila alipouliza habari zake aliambiwa, "Linashughulikiwa."

Hayo ni ya paa. Ya masomo yalikuwa mabaya zaidi. Kila mwezi ulipoandama Waziri alitoa mtaala mpya, na kila mtaala uliamuru watoto waanze upya. Mwezi huu alifu, herufi ya kwanza, iandikwe kwa mkaa, mwezi ujao iimbwe, mwezi wa tatu ichezwe kwa kupiga miguu chini. Ikawa watoto wa Mbalakani wanaijua alifu kuliko watoto wote wa pwani, na be inayoifuata hawajapata kuiona sura yake. Wakaguzi nao wakija juu ya punda, hulitazama kufuli, huandika kwamba shule inapata hewa safi, humla kuku wa mwalimu, kisha huenda zao.

Siku moja Sultani akapata mgeni, mfalme wa mji wa pili, na mgeni huyo katika maongezi akamwita mtoto mmoja wa shule amsomee barua. Mtoto akasoma, "Alifu," kwa sauti nzuri ajabu, akanyamaza. Mgeni akasubiri, kisha akacheka hata kilemba kikamlegea. Sultani alipata fedheha kubwa, na mgeni alipoondoka tu akaamuru Mwinyimvua aletwe barazani.

"Ewe mwalimu, elimu ya mji wangu imeshuka hata wageni wanaicheka!"

"Ni kweli, Maulana, lakini kuna lile ombi la paa..."

"Linashughulikiwa," akasema Bwana Dahlani, akijipepea.

"Sikukuita kwa paa, nimekuita kwa elimu!" akanguruma Sultani. "Naamuru, kabla ya Ijumaa elimu ipande, ipande mpaka mimi mwenyewe niisikie nikiwa kitandani. Isipopanda, shule naifunga, watoto wakachunge mbuzi wangu, nawe utaingia gerezani. Na mtu ye yote atakayeizuia kupanda, au akaishusha ikisha kupanda, naye afungwe papo hapo."

Mbiu ikapigwa mji mzima, na amri ikawa amri.

Mwinyimvua akarudi shuleni miguu mizito. Gereza halikumtisha sana, maana gereza lina paa. Lakini watoto walikuwa wakimngoja mlangoni, na binti mmoja, Mwanaidi, akamwuliza, "Mwalimu, ni kweli tutapelekwa kwa mbuzi?" Alitaka kumjibu kwa mzaha kama kawaida yake, mzaha haukuja. Akaketi juu ya jiwe akiyatafuna maneno ya Sultani moja baada ya moja, na alipofika kwenye neno "ipande" akasimama ghafula, akacheka peke yake.

"Chukueni mbao zenu," akasema. "Tumeamriwa kupanda."

Basi wakashika njia hadi jumba la Sultani, lililokuwa refu kuliko nyumba zote za mji, na dari yake ya chokaa, ambayo ndiyo paa lake tambarare, ilikuwa na ngazi ya nje wapandayo mafundi. Mlinzi akawawekea mkuki mbele. "Mnakwenda wapi?"

"Tunaipandisha elimu, kama alivyoamuru Maulana. Au wewe ndiwe unayeizuia?"

Mlinzi akaukumbuka ule mwisho wa mbiu, akauondoa mkuki upesi kana kwamba umemchoma. "Mimi? Mimi sijamzuia mtu, bwana. Piteni, na mshike ukuta msianguke."

Ilikuwa saa ya Sultani kujinyoosha baada ya chakula. Ndiyo kwanza usingizi unamjia, akasikia juu ya kichwa chake kishindo cha miguu na sauti za watoto kwa pamoja: "Alifu! Alifu! Alifu!" Chokaa ikadondoka, ikaingia katika bilauri yake ya sharubati. Akapiga kelele walinzi wawashushe watu hao mara moja. Walinzi wakatazamana, kisha wakatazama chini.

"Mnangoja nini?"

"Tusamehe, Maulana. Atakayeishusha elimu anafungwa."

Sultani akapanda mwenyewe, pekupeku, kofia upande. Akamkuta Mwinyimvua amesimama mbele ya darasa lake kwa adabu zote.

"Mwinyimvua! Ni wazimu gani huu?"

"Elimu imepanda, Maulana. Tangu mji huu ujengwe haijapata kufika juu hivi. Nawe umeisikia ukiwa kitandani?"

"Nimeisikia! Mbona ni alifu tu? Hawana herufi nyingine?"

"Be tulikuwa tumeikaribia mara nyingi, Maulana, ila kila tukiikaribia huja mtaala."

Sultani akataka kukasirika, akaona watoto wanamtazama. "Haya, shukeni. Mimi nawapa ruhusa."

"Maulana, ruhusa ina taratibu zake," akasema Mwinyimvua kwa upole. "Utaandika ombi la kushusha elimu, lianzie kwa msimamizi, liende kwa karani, mpaka kwa Bwana Waziri. Lakini itabidi lijipange nyuma ya ombi langu la makuti, nalo lilitangulia siku nyingi. Sisi tutakungoja hapa, tukisoma."

"Alifu!" wakaitikia watoto, wakapiga miguu.

Basi Sultani akamwita Bwana Dahlani, naye Waziri akapanda ngazi akihema. "Dahlani, liko wapi ombi la makuti la mwalimu huyu?"

Na Waziri, kwa mazoea ya ulimi wake, akainama akajibu, "Linashughulikiwa, Maulana."

Neno lile Sultani alikuwa akilisikia kila siku likiambiwa watu wengine, wala halikuwa limempata yeye hata mara moja. Akawatazama watoto waliolowa jasho juani, akaitazama chokaa iliyomshika mkononi alipopanda, akaanza kucheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa moyo.

"Vema," akasema. "Keti hapo, Dahlani, katikati ya watoto, usome nao. Utashuka siku ombi hilo litakapokwisha kushughulikiwa."

Wallahi, jua la alasiri halijazama makuti yalikuwa yamefika shuleni, na mafundi, na kamba, na fito, wala hapana aliyeuliza mvua hutoka upande gani. Paa lilipokwisha kuezekwa Sultani akauliza kwa wasiwasi, "Sasa wakishuka, si nitakuwa nimeishusha elimu?"

"Hapana, Maulana," akajibu Mwinyimvua. "Hapa tulikuwa juu ya paa lako. Leo tunakwenda chini ya letu."

Sultani akampa posho ya mwalimu na malimbikizo yake, akapiga marufuku mitaala ya mwezi mwandamo. Wakashuka wakiimba, na aliyeshuka nyuma ya wote alikuwa Bwana Dahlani, kilemba kimejaa chokaa. Mwanaidi alikuwa amemshika mkono, asije akaanguka, akimwambia kwa subira kwamba kesho, inshallah, wataanza be.

Hayo ndiyo yaliyotufikia kutoka Mbalakani. Nawe msikilizaji, ukiwa una ombi lako mahali linashughulikiwa, tazama vizuri ngazi ya bwana mkubwa iko upande gani.